Rekoda ya DVD Bado Ina Kazi Migori na Homa Bay

Anayetafuta rekoda ya DVD ya nyumbani leo, awe Rongo au Mbita, aanze kwa kujiuliza anataka kurekodi nini. Miaka 20 iliyopita wengi wangejibu taarifa ya habari au mechi ya Gor Mahia. Jibu hilo limepitwa na wakati. Kenya ilizima matangazo ya analojia mwaka 2015, na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, lilikuwa limeweka tarehe 17 Juni ya mwaka huo kuwa kikomo. Tangu hapo televisheni ya antena inatumia mfumo wa DVB-T2, na karibu rekoda zote utakazozikuta kwenye maduka ya mitumba ziliundwa kwa mawimbi ya zamani. Zichomeke antena, hazitapata kituo hata kimoja. Mwenye haja ya kuhifadhi vipindi anunue king'amuzi chenye tundu la USB na uwezo wa kurekodi, atie flashi, basi.

Lakini kuna kazi nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa kumtoa mtu pesa mfukoni. Ni kuokoa kaseti za VHS zilizolala kabatini. Katika sehemu hii ya Nyanza, familia zilizojiweza zilikuwa zikimlipa mpiga video aje kwenye harusi na hasa kwenye matanga, ili ndugu walio mbali wasioweza kusafiri waone jinsi mzee alivyozikwa. Kaseti hizo zimebeba mengi kuliko jeneza na maua. Wazee wanasimama kutaja ukoo, wakwe wanaingia bomani, ng'ombe wanakimbizwa katika tero buru, desturi ya Waluo ya kufukuza mauti, nyanya aliyekwisha kufariki anasikika akitoa shukrani kwa sauti yake mwenyewe. Kwaya za Wasabato nazo, wa kanisa lililofika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906, ziliimba mbele ya kamera hizo hizo. Hakuna kituo cha televisheni chenye nakala ya picha hizi. Na deki za kuzichezea zinakwisha: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kubwa kuunda deki za VHS, iliacha mwaka 2016.

Kwa hiyo chagua rekoda ukifikiria kaseti. Igeuze rekoda uangalie mgongo wake. Unataka matundu matatu, la manjano la picha, jekundu na jeupe ya sauti, yaliyoandikwa IN. Mashine yenye matundu ya OUT peke yake ni ya kucheza diski tu, hata muuzaji akiapa. Tundu la HDMI lisikudanganye pia, kwa kuwa kwenye rekoda hizi hutoa picha kwenda kwenye televisheni na halipokei kitu. Ikiwa nyumbani mna kaseti ndogo za kamera, tafuta tundu la S-Video kwa Hi8 na tundu la DV kwa MiniDV. Mara nyingi yako mbele, chini ya kifuniko kidogo.

Zipo mashine zinazounganisha deki ya VHS na rekoda katika kasha moja, na wauzaji huzisifu sana. Mimi napendelea vitu viwili tofauti. Upande wa kaseti ndio unaochakaa kwanza, na ukifa katika mashine ya pamoja unabaki na kasha zito lililo nusu. Deki iliyojitenga unaweza kuibadilisha kwa ya jirani ukaendelea na kazi.

Je, kwa nini usinunue tu kile kifaa kidogo cha USB kinachoingiza picha kwenye kompyuta? Ni cha bei rahisi, na kwa kaseti nzima isiyochakaa kinatosha. Tatizo liko kwenye kaseti iliyozeeka. Utepe uliovutika hutoa mistari ya picha isiyofika kwa wakati mmoja, na kifaa cha bei ndogo hupotea: picha inapinda juu, inaruka, sauti inaachana na midomo. Rekoda nyingi zina sakiti inayozipanga upya hizo picha kabla ya kuziandika. Panasonic DMR-ES10 na DMR-ES15, zote za katikati ya miaka ya 2000, zinajulikana miongoni mwa wanaohamisha kaseti duniani kwa sababu hiyo hasa. Ukikuta mojawapo ikiwa nzima, usiulize mara mbili. Waweza hata kuipitishia picha tu, kutoka kwenye deki kwenda kwenye kompyuta, bila kutia diski yoyote.

Soma pia kibandiko cha umeme. Yetu ni volti 240 na mfumo wa picha ni PAL. Rekoda iliyoletwa kutoka Marekani inataka volti 120, ya Japani 100, nazo zote ni za NTSC. Kuichomeka ukutani bila transfoma ni kuiunguza. Zilizouzwa Uingereza au Dubai kwa kawaida hazina shida hiyo. Na kama shangazi aliye Marekani aliwahi kutuma kaseti ya harusi ya huko, hiyo ni NTSC: itahitaji deki inayosoma mifumo yote miwili na rekoda iliyobadilishwa kwenye menyu ipokee NTSC.

Diski ya kawaida ina gigabaiti 4.7. Hali ya kurekodi ya XP hujaza diski kwa saa moja, SP kwa saa mbili, LP kwa saa nne, EP kwa saa sita au zaidi. Kaseti ya E-180 ni ya saa tatu, na hapo ndipo watu huchagua LP ili wasinunue diski ya pili. Chagua SP, ugawanye matanga kwenye diski mbili. Nyuso za umati chini ya hema hugeuka vijisanduku kwenye hali za chini, na nyuso ndizo tunazozitafuta. Kwa nakala ya kudumu tumia DVD-R, ambayo deki nyingi za zamani za DVD huisoma. DVD+RW iwe ya kujaribia, kwa sababu inafutika.

Sasa stima. Diski ya DVD-R iliyorekodiwa haijakamilika mpaka ifungwe, kwa amri ambayo menyu huiita Finalize. Wakati huo mashine inaandika orodha inayoziambia deki nyingine kila kipande kiko wapi. Bila hatua hiyo diski huchezeka ndani ya rekoda iliyoiandika tu, na rekoda ikifa, diski nayo inakuwa bubu. Stima ikikatika katikati ya kurekodi, au vibaya zaidi katikati ya kufunga, diski hiyo huenda isisomeke tena. Wakati wa mvua za ngurumo kando ya ziwa, hili si jambo la kubahatisha. Weka UPS ndogo. Deki na rekoda kwa pamoja hazili umeme mwingi, na betri itakupa dakika za kusimamisha kazi kwa utaratibu. Rekoda yenye diski ngumu (hard disk) ndani ni bora zaidi: unarekodi kwanza humo, unakata yasiyotakiwa, kisha unaandika DVD, na ukikosea unaandika nyingine. Ila diski ngumu hiyo ina umri mkubwa, usiifanye ghala.

Kabla ya yote, ikague kaseti yenyewe. Inua kifuniko cha mbele utazame utepe kwenye mwanga. Ukiona unga au madoa meupe, ni ukungu wa unyevu, na kuitia dekini hivyo ni kuusambaza kwenye vichwa vya kusomea na kwenye kila kaseti itakayofuata. Mpelekee fundi aisafishe kwanza. Ile iliyo safi izungushe mbele hadi mwisho, kisha irudishe, ili utepe ulioshikana uachane taratibu.

Dukani usiridhike na taa kuwaka. Nenda na kaseti yako, DVD-R mpya na waya zako. Rekodi dakika kumi, funga diski, kisha omba ichezwe kwenye deki nyingine. Leza ya kuandika huchoka kabla ya uwezo wa kusoma, kwa hiyo rekoda inayocheza filamu vizuri huenda isiweze kuandika chochote.

Kuhamisha kaseti ya saa tatu kunachukua saa tatu kamili, hakuna njia ya mkato. Zitumie. Mketishe karibu mama au babu anayewajua walio kwenye picha, uandike nani anazungumza, ni mkwe wa nani, alitoka Ndhiwa au Uriri, na dakika anayoonekana. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na diski. Wiki hiyo hiyo tafuta kompyuta yenye sehemu ya DVD, au kisomaji cha nje cha USB, unakili folda yote ya VIDEO_TS iliyo kwenye diski. Flashi ya gigabaiti 32 inabeba diski sita. Nakala moja ibaki bomani, nyingine iende kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Kaseti usiitupe. Irudishe mwanzo, ung'oe kile kipande kidogo cha plastiki kinachoruhusu kurekodi juu yake, uisimamishe wima mahali pakavu, mbali na jua na spika.