Dirisha la Nyumba, Dirisha la Ofisi: Mbona Bei Isiwe Moja?

Ukifanya kazi ya kusafisha madirisha, iwe ni Nairobi, Mombasa au Eldoret, swali la kwanza la mteja ni lile lile: "Dirisha moja ni pesa ngapi?" Wengi hujibu papo hapo, 100 au 150, kisha wakifika wanakuta grili, neti za mbu na rangi iliyokauka kwenye vioo. Jioni, ukitoa nauli na pesa ya msaidizi, umebaki na ya chai tu.

Shida ni kwamba kazi ya nyumbani na kazi ya biashara hazipigiwi hesabu kwa njia moja.

Kazi ya nyumbani: anza na gharama zako

Nyumba nyingi zina grili, kwa hivyo unasugua kioo mkono ukipitia katikati ya vyuma. Kuna pazia za kushusha na viti vya kusogeza, na pengine mfereji hauna maji. Halafu mteja huyo huenda asikuite tena hadi Desemba. Safari nzima lazima ilipwe na kazi hiyo moja.

Tuseme ni nyumba ya madirisha 12, na mko wawili:

- Msaidizi: 700
- Nauli ya wote wawili, kwenda na kurudi: 400
- Sabuni na vitambaa: 150
- Malipo yako mwenyewe: 1,000

Jumla ni 2,250. Ongeza asilimia 20, yaani 450, ya faida na kununua vifaa vikichakaa. Unapata 2,700, sawa na 225 kwa dirisha. Yule aliyesema 150 angelipwa 1,800. Hiyo inamaanisha amefanya kazi na bado amejikata mshahara.

Usisahau kujilipa. Faida ni ya biashara. Jasho lako lina bei yake.

Kabla ya kutaja bei, omba picha za madirisha kwa simu. Uliza kama ni ghorofa, kama kuna maji, na kama nyumba ni mpya. Kioo chenye simiti na rangi ya mafundi kinakula muda mwingi, kwa hivyo kiwe na bei yake.

Kazi ya biashara: bei ya chini inaweza kulipa zaidi

Duka lenye vioo vikubwa vya mbele halina grili wala pazia, na mwenyewe anataka ving'ae kila wiki. Ukimtoza 400 inaonekana kidogo. Lakini ukipata maduka matano kwenye barabara moja, nusu saa kila moja, unaanza saa kumi na mbili asubuhi na saa mbili unusu umemaliza. Hiyo ni 2,000. Toa nauli na sabuni, tuseme 300, unabaki na 1,700 na siku bado mbichi. Ndiyo maana mteja wa kila wiki anaweza kupewa bei nafuu: hakuna kutafuta kazi upya, na kioo hakijapata muda wa kushika uchafu.

Ofisi kubwa: hesabu na siku za kungoja

Ofisi ikikupa kandarasi ya 30,000 kwa mwezi, usikimbilie kusherehekea. Uliza: mnalipa lini? Tuseme gharama zako ni 11,000 kwa mwezi. Umeanza Machi mosi, ukapeleka invoisi mwisho wa mwezi, nao wanalipa baada ya siku 30. Kufikia hapo umetoa 22,000 mfukoni bila kuona hata shilingi. Kama itabidi ukope, ada ya mkopo iingie kwenye bei tangu mwanzo. Ama uombe sehemu ya malipo mbele.

Kuna gharama nyingine pia. Ofisi nyingi zitataka invoisi ya eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024, kwa kawaida gharama isiyo na invoisi hiyo haikubaliki kupunguza kodi yao. Na ukiwa na wafanyakazi, sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, ile tunaiita WIBA, inakutaka uwe na bima yao. Kazi ya juu isiyofikika kwa ngazi salama, waachie wenye vifaa na mafunzo. Hakuna bei inayofaa kwa mtu kuanguka.

Pesa ikiingia, ionekane

Tumia nambari ya till kwa malipo ya kazi, si laini yako ya kibinafsi. Mwisho wa mwezi, taarifa ya till itakuonyesha kazi za nyumbani zimeleta ngapi na maduka yameleta ngapi. Hapo utajua bei gani ya kupandisha.

Kwa kazi ya nyumbani, omba malipo kabla hujafunga vifaa. Usiamini ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja; hakikisha pesa imeingia kwako. Kwa kandarasi, andikianeni bei, idadi ya ziara na siku ya kulipa.

Mteja akisema, "Lakini jirani alifanyiwa kwa 100," msikize, kisha mweleze bei yako inajumuisha nini. Akikataa, muage kwa heshima. Kazi ya hasara haigeuki kuwa faida kwa kufanywa mara nyingi.