Silabi Ndani ya Wimbo: Kuimba na Kujifunza Kusoma Issenye

Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania tangu darasa la awali, na mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika mwaka 2015 uliweka mbele stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, maarufu kwa jina la KKK. Mtoto wa Issenye, wilayani Serengeti mkoani Mara, anapoingia darasani akiwa amelelewa kwa Kiisenye, hulazimika kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, yaani kujifunza lugha nyingine na kujifunza maandishi ya lugha hiyohiyo. Kuimba kwa pamoja kila siku, jambo ambalo walimu wa awali hulifanya hata bila kuagizwa, kunaweza kusaidia kazi zote mbili, ila si kwa namna inayodhaniwa na wengi.

Lugha zilizo ndugu wa karibu wa Kiisenye, yaani Kiikoma na Kinata, zina irabu saba na hutumia toni, ambayo ni kupanda na kushuka kwa sauti kunakoweza kubadili maana ya neno. Kiswahili kina irabu tano, hakina toni, na mkazo wake kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Aidha, wasemaji wengi wa lugha za Mara huchanganya sauti za l na r wanapozungumza Kiswahili, kwa hiyo maneno kama kula na kura, ambayo mwalimu huyaona ni tofauti kabisa, huenda yakasikika mamoja masikioni mwa mtoto.

Hapo ndipo wimbo unapofanya kazi ambayo usemi wa kawaida hauwezi kuifanya kwa urahisi, kwa sababu muziki huivuta silabi, yaani kipande cha neno kinachotamkwa kwa pigo moja, na kukipa kila kipande noti yake. Neno mbuzi lina silabi mbili, mbu-zi. Lakini mbu, neno ambalo kwa macho ni mwanzo tu wa mbuzi, nalo lina silabi mbili, m-bu, na ile m ndiyo inayobeba mkazo. Mtoto anayepiga kofi kwa kila noti hulazimika kupiga makofi mawili kwa mbu na matatu kwa mtoto, na kwa kuwa m hutoka puani na huweza kuvutwa, wimbo huipa nafasi yake kamili. Tofauti hiyo haionekani katika herufi, wala kuieleza kwa maneno mbele ya mtoto wa miaka mitano si kazi nyepesi.

Hata hivyo, sikio peke yake halitoshi. Lynette Bradley na Peter Bryant wa Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1983 baada ya kuwafuatilia watoto wapatao 400, walionyesha kwamba watoto waliojua kupambanua sauti za maneno kabla ya kujua kusoma walisoma vizuri zaidi baadaye. Lakini katika kundi dogo lililopewa mafunzo, waliosonga mbele zaidi ni wale walioonyeshwa sauti hizo pamoja na herufi za plastiki. Miaka minne kabla yao, José Morais na wenzake walikuwa wameona huko Ureno kwamba watu wazima wasiojua kusoma walishindwa kuondoa konsonanti moja mwanzoni mwa neno, ilhali wenzao waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Kwa maneno mengine, silabi husikika bila shule, lakini kuigawanya silabi yenyewe kwa kiasi kikubwa ni matunda ya herufi.

Kwa upande wa kujifunza lugha nyingine, jaribio la Karen Ludke na wenzake wa Edinburgh, lililowashirikisha watu wazima 60, lilionyesha kwamba waliojifunza vifungu vya Kihungari kwa kuviimba walivikumbuka vizuri kuliko waliovisema tu. Washiriki hao hawakuwa watoto, basi matokeo hayo yachukuliwe kwa tahadhari.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye kuitikia kwa pamoja. Katika darasa lenye watoto wengi, sauti za wanaojua huwafunika wasiojua, na mtoto anaweza kuimba ma-me-mi-mo-mu mwaka mzima kwa kufuata midomo ya jirani yake bila kuitambua hata herufi moja, huku mgeni anayetembelea shule akiondoka ameridhika. Mwalimu anayetaka wimbo ufundishe kusoma hana budi kuandika silabi zinazoimbwa, kuzigusa kwa kijiti ubaoni kadiri noti zinavyopita, kisha kuzipanga upya, mo-mu-ma, na kumwita mtoto mmoja mmoja azisome bila wimbo.