Miji ya Italia kwa Njia ya Reli

Italia ni taifa changa lililoundwa na miji mikongwe. Dola yenyewe ilitangazwa mwaka 1861, na Roma haikuingia ndani yake hadi mwaka 1870. Kabla ya hapo makao makuu yalikuwa Torino, kisha Firenze. Kwa karne nyingi Venezia ilikuwa jamhuri yenye meli zake, Napoli ilikuwa na mfalme wake, na Roma ilitawaliwa na Papa. Reli iliitangulia dola: kipande cha kwanza, cha kilomita saba na ushei kutoka Napoli hadi Portici, kilifunguliwa mwaka 1839. Umbali huo haupishani sana na wa mtu anayeshuka kutoka Kyebando hadi katikati ya Kampala. Nchi nzima ina kilomita za mraba 301,000 hivi, dhidi ya 241,000 za Uganda, lakini imenyooka kama mguu uliovaa buti, na kwa sababu hiyo safari moja ya reli kutoka kaskazini kwenda kusini inaigusa karibu miji yote mikubwa.

Mtu wa Kyebando akisema ana rafiki Italia, hakuna wa kumshangaa. Barabara ya Northern Bypass, inayopita hapohapo kati ya Kalerwe na Kisaasi, ilijengwa na kampuni ya Salini ya Roma na kumalizika mwaka 2009. Uhusiano wa zamani zaidi ni wa dini na hospitali. Wamisionari wa Comboni, ambao shirika lao lilianzishwa Verona mwaka 1867, waliingia kaskazini mwa Uganda mwaka 1910. Nyuma yao walikuja madaktari: Piero Corti, aliyefika hospitali ya Lacor, karibu na Gulu, mwaka 1961 na kuoana hukohuko na daktari mwenzake Lucille Teasdale wa Kanada, Padri Giuseppe Ambrosoli, mpasuaji wa Kalongo, aliyetangazwa mwenye heri mwaka 2022, na wale wa Cuamm, shirika lililoanzishwa Padova mwaka 1950. Watu wa namna hiyo wakistaafu hurudi kwao, na barua na simu huendelea. Mume na mke wanaopanda ndege Entebbe kwenda kuwaamkia marafiki hao hawasafiri kama watalii hasa, ingawa viza yao ni ileile.

Viza ya Schengen inadai, pamoja na mengine, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 na barua ya mwenyeji. Mwenyeji naye ana wajibu: anayemlaza mgeni wa nje nyumbani kwake hutakiwa kuwaarifu polisi, au meya pasipo na kituo cha polisi, ndani ya saa 48. Mgeni akiombwa pasipoti na rafiki yake usiku wa kwanza asidhani ameshukiwa. Zawadi pia zina sheria zake. Nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviingii, kwa hiyo samli ya Ankole huishia kwenye pipa la forodha. Ndizi na mananasi, kwa bahati, ni kati ya matunda machache mno yanayopita bila cheti cha afya ya mimea. Vichana viwili vya matooke humfurahisha sista aliyekaa Uganda miaka thelathini kuliko kinyago chochote.

Majira ya kwenda yanataka kupimwa. Kiangazi cha Ulaya huanza Juni na joto hupanda hadi Agosti, mwezi ambao Waitalia wenyewe huhama miji. Tarehe 15 Agosti ni Ferragosto, sikukuu ambayo jina lake linatokana na Kaisari Augusto, na kwa wiki moja kabla na baada yake maduka mengi hufungwa, kila mlango na karatasi yake ya kusema wenyewe wako likizo. Rafiki anayetembelewa wakati huo huenda yuko baharini. Juni ni bora.

Treni ni za namna mbili kuu. Ziko za mwendokasi: Frecciarossa ya shirika la serikali, na Italo ya kampuni binafsi, iliyoanza mwaka 2012 na kuzishusha nauli. Zinafika kilomita 300 kwa saa. Milano hadi Roma ni saa tatu hivi. Kila abiria ana kiti chake chenye namba, na nauli hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia, kama ya ndege. Halafu ziko treni za mkoa, zinazosimama karibu kila stesheni, na nauli yake hufuata umbali: aliyenunua mwezi uliopita na aliyenunua sasa hivi wamelipa sawa. Tiketi yake ya karatasi lazima igongwe mhuri kwenye kimashine kidogo kabla ya kupanda. Aliyesahau hutozwa faini ingawa alilipa nauli, na hapo ndipo wageni wengi wanapoumia.

Ratiba hubandikwa ukutani: karatasi ya njano ni ya treni zinazoondoka, nyeupe ni ya zinazofika. Msomaji wa Kiswahili ana kazi ya ziada ya kuhesabu. Palipoandikwa 20:35 ni saa mbili na dakika thelathini na tano usiku, na huo “usiku” wa Juni una jua bado, kwa mtu aliyezoea kwamba Kampala jua likifika saa moja limekwisha. Italia wakati huo iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Pia kuna migomo. Hutangazwa mapema, na siku za kazi treni za mkoa zilizoorodheshwa huendelea kutembea kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, na jioni kwa saa zilezile.

Wengi huanzia Milano. Stesheni yake kuu ilifunguliwa mwaka 1931, mwaka uleule reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kampala, na anayezifahamu stesheni za miji yote miwili atakaa kimya kidogo chini ya tao la chuma lenye upana wa mita 72. Mtaa wa Porta Venezia una migahawa ya Waeritrea, na injera hupatikana humo bila taabu. Kutoka Milano treni hufuata bonde la mto Po kuelekea mashariki, kupitia Verona na Padova, na huko ndiko marafiki wa Uganda walikojaa zaidi.

Mezani Verona mgeni hukutana na kitu anachokijua. Polenta ni unga wa mahindi, wa njano kwa kawaida, unaosongwa muda mrefu kwenye sufuria ya shaba, ukamwagwa juu ya ubao na kukatwa kwa uzi. Ni posho kwa jina jingine. Chakula hicho kina kumbukumbu chungu: katika karne ya 18 na ya 19 wakulima wa kaskazini walikula mahindi karibu peke yake, wakapatwa na pelagra, ugonjwa wa ngozi na akili unaotokana na upungufu wa vitamini. Watu wa kusini mpaka leo huwaita wenzao wa kaskazini “polentoni”, na si kwa kuwasifu. Adabu ya mlangoni nayo haina ugeni. Anayeingia nyumba ya mtu, hata akiwa amefunguliwa, husimama kizingitini na kusema “permesso”, akajibiwa “avanti”: ndiyo hodi na karibu.

Venezia hufikiwa juu ya maji, kwa daraja la reli lililofunguliwa mwaka 1846. Stesheni ya Santa Lucia imerithi jina la kanisa lililobomolewa ili ipate nafasi, na ngazi zake zinashukia moja kwa moja kwenye mfereji mkuu. Mji wa kale umebaki na wakazi wasiofika 50,000. Wengine wamehamia Mestre, bara, na rafiki anayesema anaishi Venezia mara nyingi anaishi huko. Tangu mwaka 2024 mgeni wa kutwa hulipa kiingilio siku maalumu. Siku moja inatosha.

Bologna inastahili zaidi. Ni mji wa baraza: barabara za katikati zina vibaraza vyenye matao, mtu akatembea kilomita nyingi bila kuguswa na jua wala mvua. Kimoja kina matao 666 na hupanda kilima hadi kanisa la San Luca. Saa ya ukutani ya stesheni imeachwa ikionyesha 10:25, wakati bomu lilipolipuka asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1980 na kuua watu 85. Katika miaka ya vita vya ukombozi Waeritrea waliotawanyika Ulaya walikusanyika Bologna kila kiangazi kwa tamasha lao.

Kutoka hapo hadi Firenze treni ya mwendokasi huchukua kama dakika arobaini, karibu zote ndani ya mahandaki ya Apenini. Anayetaka kuona milima apande treni ya mkoa ya njia ya zamani kupitia Prato. Firenze ina kuba la Brunelleschi la mwaka 1436, na mkate usio na chumvi, ambao mgeni hudhani mpishi amesahau.

Roma ndiyo yenye habari nyingi za Afrika Mashariki kuliko mji wowote wa Italia, na nyingine si za kufurahisha. Uwanja ulio mbele ya stesheni ya Termini unaitwa Piazza dei Cinquecento, Uwanja wa Mia Tano, kwa kuwakumbuka askari wa Italia waliouawa na majeshi ya Ras Alula huko Dogali, Eritrea, mwaka 1887. Vichochoro vya jirani sasa vina vyakula vya Kihabeshi na Kieritrea. Mnara wa Aksum, uliotekwa mwaka 1937, ulisimama Porta Capena kabla ya kurudishwa Ethiopia mwaka 2005. Abebe Bikila alipita karibu nao pekupeku aliposhinda marathoni ya mwaka 1960. Kwa Waganda kivutio ni Basilika la Mtakatifu Petro, mahali Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda tarehe 18 Oktoba 1964. Maji ya kunywa hayanunuliwi Roma: mabomba ya chuma yaitwayo “nasoni”, yaani mapua, hutiririka bure mitaani. Mtu ajaze chupa yake.

Napoli iko saa moja na dakika chache mbele, chini ya Vesuvio. Kahawa yake huchanganywa na robusta kwa wingi, na Italia kwa miaka ya karibuni imeongoza kwa kununua kahawa ya Uganda. Hunywewa kwa kusimama kaunta, funda mbili tatu, kwa bei ndogo kuliko ya anayekaa mezani.

Kusini zaidi reli hufika Villa San Giovanni, kwenye mlango wa bahari wenye upana wa kilomita tatu hivi. Hapo treni ya Sicilia hukatwa vipande, mabehewa yakasukumwa tumboni mwa meli yenye reli sakafuni, abiria wakiwa wamo. Wengi hupanda juu kununua vitumbua vya wali, “arancini”, wakiitazama Messina ikikaribia. Meli za namna hiyo zipo Port Bell pia, ila mabehewa yanayovuka ziwa kwenda Mwanza hubeba mizigo tu.