Maduka Chini, Makazi Juu: Mabingwa Sita wa Ujenzi Duniani

Ghorofa refu kila mji unalo. Shindano letu ni gumu zaidi: eneo moja ambalo watu wanalala, wananunua, wanafanya kazi na kutibiwa bila kuvuka mpaka wake. Anayelisanifu lazima awaze kwa mpigo maji ya kuoga, taka, lifti, kelele za dukani na mtoto anayelala ghorofa ya juu ya duka hilo. Tuanze na nafasi ya sita, tupande hadi kileleni.

6. Mkongwe: Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani

Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga kwenye genge linalotazama bahari jumba la vyumba zaidi ya 100, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Upande mmoja makazi yake na birika la kuogelea la pembe nane. Upande mwingine ua mpana uliozungukwa na vyumba vinavyoaminika kuwa maghala ya bidhaa. Makazi na biashara ndani ya mpango mmoja, miaka 700 iliyopita, na ni kwetu!

5. Uliobanana: Kowloon Walled City, Hong Kong

Mwaka 1987 walihesabiwa hapa watu wapatao 33,000 katika hekta 2.6. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, unaingiza watu 60,000. Basi chukua zaidi ya nusu ya mashabiki hao, wahamishie pamoja na vitanda vyao kwenye eneo lisilofika viwanja vinne vya mpira, kisha waache wafungue humohumo viwanda vidogo vya chakula, maduka na kliniki za meno. Ghorofa zilikomea 14 hivi kwa sababu ndege za uwanja wa Kai Tak zilipita karibu mno na mapaa. Kati ya washindi wote, ni mji huu tu ambao haukuwa na mpango wala mhandisi, na vichochoro vyake havikuona jua. Ulibomolewa mwaka 1993 na 1994, na leo pale ni bustani.

4. Wenye kasi: Mini Sky City, Changsha

Kila fundi anajua kwamba nguvu ya zege hupimwa likitimiza siku 28. Mwaka 2015, Wachina wa Changsha walimaliza kusimamisha ghorofa 57 kwa siku 19 za kazi. Ghorofa tatu kwa siku! Ndani yake mna fleti 800 na ofisi za kutosha watu 4,000. Siri ni kwamba vipande vya chuma na sakafu vilitengenezwa kiwandani kwa miezi kabla ya hapo. Saitini ilibaki kuvinyanyua kwa kreni na kuvikaza kwa bolti.

3. Mrefu kupita wote: Burj Khalifa, Dubai

Mita 828. KICC ya Nairobi ina mita 105. Majengo saba ya aina hiyo yakibebana, bado yanapitwa kwa mita 93. Humo mna hoteli, ofisi na makazi takriban 900. Macho ya watu huenda juu, ilhali kazi ya kibingwa iko ardhini: nguzo 192 za zege, kila moja na kipenyo cha mita 1.5, zimezikwa kina cha zaidi ya mita 50. Maji ya chini ya ardhi pale yana chumvi kuliko bahari, kwa hiyo uliwekwa mfumo wa umeme unaozuia nondo za msingi zisiliwe na kutu. Wakati wa kiangazi zege lilimwagwa usiku, likichanganywa na barafu, lisije likagandishwa na joto na kupasuka.

2. Uliokaa juu ya treni: Hudson Yards, New York

Fikiria stesheni ya SGR ya Dar es Salaam ijengewe mji juu yake huku treni za Morogoro zikiondoka kwa saa zake. Ndicho kilichofanyika Manhattan. Eneo lote ni ekari 28 juu ya maegesho ya treni yenye reli zipatazo 30. Upande wa mashariki, uliofunguliwa Machi 2019, nguzo zilipenyezwa kwenye upenyo mdogo kati ya reli mpaka kwenye mwamba, na juu yake likatandazwa jukwaa linalobeba minara ya ofisi, fleti na maduka. Kilichonikuna zaidi ni miti ya bustani iliyo juu ya jukwaa hilo. Joto la treni lingeunguza mizizi, kwa hiyo chini ya udongo yamepitishwa mabomba ya kimiminika cha kupoza, na feni kubwa kama za injini za ndege zinafukuza hewa moto. Mti una kiyoyozi!

1. Bingwa: Karl-Marx-Hof, Vienna

Jengo moja, mita 1,100. Panga mabasi marefu ya mwendokasi, yale ya mita 18, kichwa kwa mkia: utahitaji 61. Majumba ya Michenzani kule Unguja, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yana urefu wa takriban mita 300 kila moja; matatu yakiunganishwa hayafiki. Mbele ya jengo hili tramu husimama vituo vinne.

Karl Ehn alilisanifu, likajengwa kati ya 1927 na 1930 kwa fedha za kodi ya nyumba iliyowabana zaidi wenye majumba ya kifahari. Fleti 1,382, watu wapatao 5,000, kisha nyumba mbili za kufulia, mabafu ya umma, shule za chekechea, maktaba, kliniki ya meno, duka la dawa, posta na maduka. Hata hivyo majengo yamechukua asilimia 18.4 tu ya kiwanja. Kilichobaki ni bustani na viwanja vya watoto. Ndiyo maana naliweka juu ya Dubai na New York: nafasi yote hiyo walipewa wafanyakazi wa kipato cha chini.

Februari 1934, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jeshi lililipiga kwa mizinga. Lilitengenezwa, na wapangaji wamo hadi leo.