Kijibwa Asiyepukutisha Manyoya: Je, Anafaa Nyumba Yenye Mtoto wa Pumu?



Mama mmoja wa Murangi alikuja kliniki kwetu na mwanawe wa miaka minane, mgonjwa wa pumu. Tulimpima mtoto, tukampa dawa, lakini mama hakuinuka kitini. "Nesi," alisema, "mjomba wake aliyeko Mwanza anataka kumletea zawadi ya kijibwa chotara mwenye manyoya ya kujisokota. Anasema mbwa wa namna hiyo hapukutishi manyoya, hivyo hamdhuru mwenye pumu. Nimpokee?"

Swali hili tumeulizwa na wazazi wengine pia. Ni swali zuri, maana mzazi ameuliza kabla mbwa hajaingia nyumbani. Leo tulijibu kwa pamoja.

CHOTARA HAWA WALITOKA WAPI?

Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Australia, Bwana Wally Conron alikuwa akizalisha mbwa wa kuwaongoza vipofu. Mwanamke kipofu wa Hawaii aliomba mbwa kama hao, lakini mumewe alikuwa na mzio, yaani aleji ya mbwa. Conron akachanganya mbwa wa aina ya Labrador na Poodle. Walizaliwa watoto watatu. Manyoya na mate yao yalipelekwa Hawaii kujaribiwa, na kati ya hao watatu ni mmoja tu aliyefaa.

Tuangalie jambo hilo vizuri. Baba mmoja, mama mmoja, uzazi mmoja, na bado wawili kati ya watatu hawakufaa. Lakini habari iliyoenea duniani ni kwamba chotara wa Poodle hana aleji. Mwaka 2019 Conron mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia kazi ile.

Mwaka 2011 watafiti wa Detroit, Marekani, walipima vumbi la nyumba zenye mbwa wanaosifiwa kuwa hawana aleji na nyumba zenye mbwa wengine. Kiasi cha vitu vya mbwa vinavyoleta mzio hakikutofautiana.

Sababu ni hii: kinachomsumbua mwenye mzio si unywele wenyewe. Ni mate ya mbwa, mkojo wake, na magamba madogo ya ngozi yanayofanana na mba. Mbwa hujilamba, mate hukauka, kisha huruka hewani pamoja na mba na kuingia puani. Hakuna mbwa asiye na mate wala ngozi.

TULIMJIBU NINI MAMA YULE?

Tulimwambia asimpokee mbwa kwa sababu ya manyoya yake. Kwanza mtoto na mbwa huyohuyo wakutanishwe mara kadhaa, huku dawa ya mtoto ya kuvuta ikiwa karibu. Mtoto akipiga chafya mfululizo, macho yakimwasha, akikohoa au kifua kikibana, jibu limepatikana. Na kama pumu ya mtoto ni kali, au amewahi kulazwa kwa ajili yake mara kwa mara, ni afadhali mbwa asiletwe kabisa. Zawadi ya mjomba inaweza kuwa mbuzi.

Mtoto asiposumbuka, bado mbwa alale nje kwenye kibanda chake, asipande kitandani. Anayempiga brashi awe mtu mwingine, na kazi hiyo ifanyike uani. Mtoto anawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza naye. Tena tusisahau moshi wa kuni na vumbi la ndani. Mara nyingi mbwa hulaumiwa wakati jiko limo chumba kimoja na kitanda cha mtoto.

MANYOYA YASIYOPUKUTIKA NI KAZI

Manyoya ya kujisokota hayadondoki sana, lakini huendelea kukua. Yasipochanwa kila siku au kila baada ya siku mbili, na kupunguzwa kwa mkasi kila baada ya wiki sita hadi nane, hushikamana kama mkeka. Chini ya mkeka huo ngozi hulowa na kutoa vidonda, na kupe hujificha humo. Kwetu huku kandokando ya Ziwa, mbwa akipita kwenye nyasi mara moja hurudi na mbegu na kupe mwili mzima.

Mbwa wetu wa kienyeji ana manyoya mafupi. Hupukutisha kidogo, ni kweli, lakini kupe huonekana upesi na kumwogesha ni rahisi. Pia mbwa wa kigeni huugua homa zinazoletwa na kupe vibaya zaidi kuliko wa kienyeji. Basi anayetaka mbwa mdogo asidharau mtoto wa jike mdogo, mpole, wa jirani.

UNAPOCHAGUA

1. Mwone mama yake. Ukubwa na tabia ya mama vitakuonyesha mengi kuliko maneno ya muuzaji. Mama mkali, anayeng'ata hovyo, mwache pamoja na wanawe.

2. Asiwe chini ya wiki nane. Anayeachishwa ziwa mapema huwa dhaifu na hujifunza vibaya kucheza na watu.

3. Macho yawe meupe bila tongo, pua bila makamasi mazito, fizi ziwe za rangi ya waridi. Tumbo lililovimba juu ya mbavu nyembamba mara nyingi ni minyoo.

4. Uliza amechanjwa nini na lini. Kama hakuna kadi, hesabu kwamba hajachanjwa.

CHANJO: HAPA NDIPO PENYE UHAI NA KIFO

Wazazi, pumu ya mtoto tunaweza kuituliza. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaanza kwa binadamu, hakina tiba. Na kijibwa kizuri cha kubebwa mkononi anaweza kuwa nacho sawasawa na mbwa mkubwa. Tumewahi kuona familia ikipuuza mkwaruzo wa meno ya mtoto wa mbwa kwa kusema, "Ni mdogo tu, anacheza."

Mkoa wetu wa Mara una ushahidi wa faida ya chanjo. Kati ya mwaka 1996 na 2001 mbwa wa vijiji vya Wilaya ya Serengeti walichanjwa kwa kampeni. Mbwa wenye kichaa walipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ile ya pili. Watu waliong'atwa walipungua pia. Wataalamu wanasema ugonjwa huu hukatika pale asilimia 70 ya mbwa wanapochanjwa kila mara kampeni inapofanyika. Kwa hiyo chanjo ya mbwa wako inamlinda na mtoto wa jirani.

Mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha arudiwe kila mwaka. Kampeni ikifika kijijini, peleka hata wale wadogo zaidi. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba. Sikilizeni matangazo ya afisa mifugo wa kata karibu na siku hiyo.

Mtu akiumwa, hata na mbwa wa nyumbani, osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Usipake kinyesi cha ng'ombe, mafuta wala majani. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na umalize sindano zote kwa tarehe ulizopewa. Mbwa asiuawe kwa haraka kama anaweza kufungwa salama. Aangaliwe siku kumi, na afisa mifugo apewe habari.

MINYOO, KUPE NA CHAKULA

Minyoo ya mbwa huwapata watoto wanaochezea udongo uliochafuliwa na kinyesi chake. Mwingine hupita chini ya ngozi ya mguu na kuacha mstari unaowasha. Mpe mtoto wa mbwa dawa ya minyoo kila wiki mbili hadi afikishe miezi mitatu, halafu kila miezi mitatu. Kinyesi kifukiwe kila siku. Usimtupie mapafu au maini mabichi yenye vifuko vya maji, kwani hubeba tegu wa hatari kwa binadamu.

Kwa kupe, tumia dawa ya mbwa kwa kipimo cha uzito wake. Tafadhali msimwogeshe kijibwa kwa dawa iliyopimwa kwa ajili ya ng'ombe, wala kwa dawa ya kunyunyizia pamba. Mwili wake ni mdogo, humezwa na sumu hiyo kwa muda mfupi, na watoto wanaomkumbatia huipata pia.

Chakula si tatizo kwetu: ugali na dagaa waliopikwa vinamtosha, pamoja na maji safi. Vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe. Na kama hutaki watoto wa mbwa, mwulize afisa mifugo juu ya kuhasi. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi miwili tu, na wale wanaotupwa ndio mbwa koko wasiochanjwa.

Mama yule alirudi mwezi uliofuata. Mtoto alikuwa amekaa na kile kijibwa cha Mwanza nusu siku, na kifua kikambana. Mjomba alielewa. Sasa nyumbani kwao kuna mbwa mdogo wa kienyeji anayelala nje karibu na zizi, ana kadi ya chanjo, na mtoto huyo ndiye anayempelekea ugali kila jioni, kisha hunawa mikono. Mpaka tulipomwona mara ya mwisho, kifua chake kilikuwa kimetulia.

Tukutane mwezi ujao.