Shotgun ya Kigali Si Kiti ya Kulala

Sikia msee. December ikikaribia, kila mbogi mtaani iko na form moja: road trip. Diani imekuwa ya watu wa harusi. Naivasha ni ya wale wamepewa off ya siku moja. Siku hizi ukitaka kuheshimiwa kwa group unaandika tu "tunaishia Kigali na ndai", halafu unazima data. Waache waheme.

Poa. Lakini kuna kitu hao wasee wa reels hawakushow.

Kutoka Nai mpaka Kabale ni zaidi ya kilomita 1,000 za raha. Uganda wanakaa left kama sisi, so hakuna presha. Unavuka Malaba. Unavuka ile daraja mpya ya Jinja na simu ikiwa mfukoni, juu picha hapo hawataki. Unamanga rolex. Kayabwe unasimama kwa equator kama mtalii. Lukaya wasee wanakimbilia dirisha na kuku ya kuchoma kwa kijiti, na unajiona dere wa kimataifa. Halafu unafika Katuna, unagongewa stamp, unaingia Gatuna, na dunia inageuka. Rwanda wanadrive right. Wabelgiji waliwaachia hiyo, Mwingereza akatuachia left, na hakuna mkoloni aliwaza kuna siku msee wa Umoja atatokea hapo na Vitz ya mkopo.

Sasa hapa ndio wajuaji huchoma. Wanadhani noma ni kukaa right. Zii. Kukaa right ni kufuata lori iko mbele yako, imeisha hiyo. Noma ni steering. Yako iko kulia, barabara inakutaka kulia, so dere amekaa pale kwa mtaro akisalimiana na migomba. Na kushuka Kigali kutoka Gatuna ni kilomita 80 hivi za milima na kona juu ya kona. Mbele yako kuna tanka inapanda mlima kama msee anarudi home saa kumi alfajiri. Unataka kuipita. Kucheki kama kuna kitu inakuja lazima utoe pua ya gari yote upande ule mwingine. Ukiiona, imekuona pia, na si mbali.

Nani anaona poa kuliko wewe? Shotgun. Yeye ndiye amekaa katikati ya barabara. Huyo sasa ndiye dere, wewe ni wa kukanyaga tu.

"Cheki."
"Bado."
"Sasa?"
"Basi inakuja. Tulia."
"Sasa?"
"Clear. Ingia!"

Ona hiyo. Hakuna "nadhani". Msee wa "nadhani iko sawa" anarudishwa back seat hapo hapo Gatuna, pamoja na yule wa TikTok na yule hulala wakipita Limuru. Shotgun anakaa msee ako macho, msee mwoga kiasi, msee anakudai ganji. Anayekudai hawezi taka ukufe.

Mbuyu naye utamsikia. Ati barabara ni barabara, ati ameshika steering tangu enzi za Moi. Mbuyu, kwa heshima zote, hujawahi kuvuka Malaba. Roundabout ya Westy unaingia ukifanya ishara ya msalaba, na hiyo inazunguka upande unajua. Ya Kigali inazunguka kinyume! Sweden nchi mzima ilihama kutoka left kwenda right alfajiri moja, tarehe 3 Septemba 1967, na wazee wao wakazoea. Wewe Expressway bado unauliza mahali ya kutokea.

Kama hutaki hizo drama, acha Vitz home, panda basi, kodisha gari huko huko. Steering yao iko kushoto, unaona barabara yote. Lakini pia hapo kuna aibu inakungoja. Gari zetu za Japan, indiketa iko mkono wa kulia. Zao iko kushoto, na kulia ndio kuna waipa. So jua ni kali, uko Kimihurura, unataka kukata kona uingie ile cafe ya maana, waipa inaanza kufagia kioo kavu. Kwiii. Kwiii. Wasee wa moto, boda zao, wamesimama kwa taa, wanajua tu: Mkenya amefika. Hapo usipanic. Mwaga maji ya kioo, jifanye unaosha gari. Na ile cappuccino ukifika ndani, usiconvert bei. Utalia.

Karao wao sasa. Huku kwetu gari ikikuwashia full unajua kuna sanse mbele. Kule sanse ni camera, imetulia kando ya barabara. Kibao ni 60, mbele kidogo 40, na camera haibongi na mtu. Na ukisimamishwa na karao mwenyewe, usikunje noti ndani ya leseni. Hiyo style ni ya huku. Kule hongo inakupeleka ndani, na holiday inaisha ukiwa cell. Lipa faini rasmi, songa.

Makaratasi nitapitia haraka juu yanaboesha. Yellow Card ya COMESA, chukua kwa insurance yako kabla ya safari, bila hiyo unanunua ingine border na presha juu. Logbook. Kama ndai ni ya mathe, barua yake ya kukuruhusu. ID inatosha kuvuka, passport ni ya kupiga nayo picha.

Na ucheki calendar. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya jamii nchi mzima, saa mbili mpaka saa tano asubuhi, na barabara zinanyamaza. Usitokee hapo saa tatu na sabufa ikilia. Lala Bunyonyi, bado upande wa Uganda, manga samaki, vuka mchana. Shotgun awe amelala vizuri.