Maarifa ya Bure, Faida ya Mwenye Mashine

Ni rahisi kuilaumu intaneti kwa maduka ya vitabu ya katikati ya jiji la Nakuru ambayo siku hizi yanaishi kwa daftari, sare na kalamu. Lakini pigo la kwanza lilitoka serikalini. Mwaka 2013 vitabu viliwekewa ushuru wa VAT wa asilimia 16. Kisha ukaja mwaka 2018. Kabla ya hapo, mwalimu mkuu alipokea fedha za elimu bila malipo, akachagua vitabu kutoka orodha iliyoidhinishwa, ile Orange Book, akavinunua dukani. Sasa serikali inanunua moja kwa moja kwa wachapishaji na malori yanashusha vitabu shuleni. Mauzo makubwa ya mwaka yakampita mwenye duka.

Akabakiwa na makombo: kamusi, vitabu vya marudio, miongozo ya fasihi. Hapo ndipo maarifa yanayoandikwa na umma yalipomkuta.

Kisa kinachosimuliwa kila mara ni cha ensaiklopidia. Wikipedia ilianza Januari 2001, ya Kiswahili ikafuata 2003. Mnamo 2012 Encyclopaedia Britannica, iliyoanza kuchapwa Edinburgh mwaka 1768, ikatangaza kuacha karatasi. Toleo lake la mwisho lilikuwa na juzuu 32 na liliuzwa dola 1,395. Tuseme kweli: sebule za Nakuru zenye juzuu hizo zilikuwa za kuhesabu. Mchapishaji wa Kenya hakupoteza mteja hapo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro ndiye aliyepata asichokuwa nacho. Kuandika nako si bure kama kusoma. Google ilipodhamini shindano la wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania mwishoni mwa 2009 ili waikuze Wikipedia ya Kiswahili, makala zilimiminika kwa mamia. Zawadi zilipokwisha, wengi wa waandishi wakaenda zao.

Uandishi wa umma unaouma biashara hapa ni mwingine: noti za walimu. Mwalimu anapiga chapa mwongozo wa riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi au tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, anauweka kwenye kundi la WhatsApp au Telegram, mwingine anaongeza maswali na majibu, wa tatu anabadilisha jina la jalada na kuuuza kwa M-Pesa. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, makundi hayo ndiyo yaliyokuwa darasa kwa wengi, na hayakuvunjika shule zilipofunguliwa.

Fuata faili moja hadi saiba, kibanda cha kompyuta na mashine ya kuchapa. Mwongozo wa kurasa 100, kwa shilingi 5 ukurasa, ni shilingi 500. Kwa hesabu hiyo kitabu cha bure hakina unafuu wowote mbele ya kile cha dukani. Ila hakuna anayechapa chote. Mwanafunzi anachapa sura mbili za mtihani wa wiki ijayo. Mwalimu anachapa nakala moja, inapitishwa kwenye riso, mashine ya kurudufu ya shule, darasa zima linapata. Mwandishi wa mwongozo rasmi hapati kitu, mwalimu aliyetunga faili anapata kidogo akiwahi kabla halijasambaa, na mwenye mashine anapata kila siku.

Sheria nayo haizitazami karatasi hizi kwa jicho moja. Makala ya Wikipedia unaruhusiwa kuinakili, hata kuiuza, mradi utaje ilikotoka na uiache wazi kwa wengine. Kitabu cha mchapishaji sivyo; ndiyo maana shirika la Kopiken lipo, litoze ada ya leseni kwa wanaorudufu. Faili la mwalimu linaelea katikati: nusu jasho lake, nusu kurasa alizozihamisha. Pia halina mhariri. Kosa kwenye Wikipedia lina ukurasa wa historia na wa majadiliano. Kosa kwenye PDF linasafiri hadi Molo na Subukia likiwa na heshima zote za karatasi iliyochapwa.

Kwa wakulima mambo yamekwenda kwa utulivu zaidi. Wefarm, iliyoanza 2015, ilimwezesha mkulima kuuliza kwa SMS na kujibiwa na mkulima mwenzake. Magazeti hayakukimbia: jarida la Seeds of Gold ndani ya Saturday Nation liliwatumia wataalamu wa Egerton kujibu maswali ya wasomaji. Swali la bure likawa bidhaa ya gazeti.

Wachapishaji wakubwa, kina Kenya Literature Bureau, Longhorn na Oxford, wamejikinga nyuma ya zabuni ya serikali. Ni kinga yenye gharama, kwa kuwa mteja mmoja akichelewa kulipa kiwanda kizima kinatetemeka, na wachapishaji wamelalamika hadharani kuhusu madeni. Lakini wana nafasi moja mikononi. Mfumo wa 8-4-4 unafanya mtihani wake wa mwisho wa KCSE mwaka 2027, na noti zilizorundikwa simuni kwa miaka mingi zitabaki bila mtihani wa kuzihitaji. Sekondari pevu ya mtaala mpya, iliyoanza na Gredi ya 10 Januari 2026, haina bado hazina ya maswali ya zamani. Mchapishaji anayetaka kurudi dukani Nakuru atoe vitabu vya marudio vya bei nafuu sasa, kabla walimu hawajamaliza kuandika vyao.